Leo Sikutumwa

Soko la Chake Chake asubuhi ya Jumamosi halimsubiri mtu. Wauza samaki wananadi, wauza ndizi wananadi, mwenye mkokoteni anapiga kelele apishwe, na katikati ya zogo hilo alisimama msichana mmoja aliyevaa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya zambarau, kashika pochi yake kwa mikono miwili. Ungemwona ungedhani anaogopa kuibiwa. Kumbe alikuwa anaogopa kusema.

Jina lake Widad binti Hamood, wa Tibirinzi. Alikuwa mzuri, wala simpaki mafuta: macho makubwa, nyusi zilizojipanga zenyewe, na mwendo wa taratibu. Lakini uzuri ulikuwa haujamsaidia kitu. Aliwahi kuwa mwalimu. Siku moja wakaguzi walikuja wakakaa nyuma ya darasa, sauti ikamkatika katikati ya somo, mikono ikamtetemeka mpaka chaki ikaanguka, akatoka nje na asirudi tena. Tangu hapo alikuwa mtu wa ndani, anashona kofia. Wageni wakija anajifungia chumbani. Simu ikilia anaitazama mpaka inyamaze. Mama yake, Bi Saada, alimpeleka akasomewa dua, akapata nafuu kidogo, kisha hali ikarudi pale pale. Chakula hakipiti, usingizi hauji, na kichwani mwake mna sauti moja isiyochoka kumwambia kwamba yeye si kitu na watu wote wanamcheka.

Aliyemtoa ndani alikuwa Bi Rahila, mwanamke mnene mwenye miwani na maneno machache, ambaye kazi yake ni kuzungumza na watu wenye dhiki za moyo katika kituo kimoja cha afya hapo mjini. Alikuja kuagiza kofia ya mumewe, akamwona Widad anavyokwepa macho yake, akasema, "Kofia zako nzuri, mwanangu. Njoo Jumanne tuzungumze. Na kisomo usikiache, hakigombani na mimi." Widad alikwenda akidhani atapewa vidonge. Akapewa kiti na maswali.

Dawa ya Bi Rahila ilikuwa maswali mawili tu. Kabla ya jambo huuliza, "Unaogopa kutatokea nini?" Baada ya jambo huuliza, "Haya, kumetokea nini?" Baina ya maswali hayo hukupa kazi ya kwenda kufanya, na kazi ya wiki ile ilikuwa hii: nenda sokoni, muulize mtu usiyemjua kitu chochote, na usikimbie mpaka akujibu.

Ndiyo hapo Widad alipokuwa, anachagua mtu wa kumuuliza na hampati. Huyu mkali, yule ana macho makavu. Mwisho alimwona mwanamume mmoja nje ya duka la juisi, kapiga magoti, kichwa chake chote kimo ndani ya friji la kulala. Uso wake hauonekani. Huyo akamfaa.

"Samahani, kaka," alisema. "Shokishoki bei gani?"

Kichwa kikagonga mfuniko. "Nini?"

"Shokishoki," alirudia Widad, na sauti ilikuwa imeshaanza kumkimbia.

Mwanamume alitoka mle ndani. Kijana mwembamba, mweusi wa kung'aa, shati la buluu lenye madoa ya grisi, bisibisi imechomekwa nyuma ya sikio, na kofia iliyofifia imemrudi kisogoni. "Dada yangu, hapa pana friji bovu tu. Miye fundi."

Mwenye duka akaangua kicheko. "Yakhe Talib! Leo unauza shokishoki?" Muuza ndizi wa jirani naye akadakia, wakacheka wote wawili.

Hilo ndilo hasa alilokuwa akiliogopa miaka yote: kusimama mbele ya watu na wao wakamcheka. Miguu ilitaka kukimbia. Lakini masharti ya Bi Rahila yalikuwa wazi, na yeye alikuwa bado hajajibiwa.

"Hujanijibu," alisema.

Fundi alimtazama vizuri, akaacha kutabasamu. "Ngoja." Alivuka upande wa pili, akarudi na fungu la shokishoki, matunda mekundu yenye manyoya, amelifunga kwenye gazeti. "Bei yake jina lako."

"Widad."

"Basi ushalipa."

Alilipokea fungu lake. Alikuwa keshageuka aondoke, akarudi. Hata yeye hakujua neno lile limetoka wapi. "Kofia yako imefumuka pembeni."

"Naijua. Imekosa mshonaji."

Jumanne Bi Rahila aliuliza, "Haya, kumetokea nini?"

"Walinicheka."

"Halafu?"

Widad alifikiri. "Halafu nikala shokishoki."

* * *

Sanduku la vifaa la Talib lilikuwa limeandikwa namba ya simu kwa rangi nyekundu, tarakimu kubwa za kuonekana na kipofu, na Widad alikuwa ameishika namba ile bila ya kukusudia. Alikaa nayo kichwani wiki nzima. Bi Rahila hakuambiwa na hakutoa kazi yoyote. Alasiri moja, nyumba nzima imelala, Widad aliipiga mwenyewe.

"Assalaamu alaykum. Fundi Talib hapa."

Kimya.

"Haloo? Nani? Upo?"

"Nipo," alisema Widad.

"Aa! Bi Shokishoki!"

Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa mtandio mama yake asisikie. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo ada yao. Talib huzungumza, Widad husikiliza. Talib alimhadithia kwao Makoongwe, kisiwa kidogo mbele ya Mkoani, ambako kila mtu ni mvuvi isipokuwa yeye, anayetapika hata kwenye maji ya kina cha goti. Alimhadithia mafriji ya watu na yanayokutwa humo: pweza wa tangu mwaka jana, viatu vya harusi, simu. Kila Widad akinyamaza kupita kiasi, yeye huuliza, "Upo?" Na Widad hujibu, "Nipo." Polepole yale majibu yakarefuka.

"Kwani weye huna marafiki, roho yangu?"

"Nilikuwa nao. Walikuja mara mbili tatu, nikajificha. Basi wakachoka."

"Miye sichoki. Fundi wa mafriji hachoki, hungoja gesi ijae."

"Muone! Miye friji lako?"

"Friji? Weye moto, Widad. Hujijui tu."

Alimshonea kofia mpya, tundu ndogo ndogo za mkono, maua ya mkarafuu yamezunguka pembeni, na akampelekea pale dukani kwa juisi. Talib aliivua ile kuukuu palepale, akaivaa mpya, kisha akaivua akaitia ndani ya sanduku.

"Huivai?"

"Naingia chini ya mafriji ya watu, Widad. Hino si ya grisi."

Usidhani kijana huyu alikuwa hana lake. Mchekeshaji yule alikuwa amewahi kupeleka posa kwenye nyumba moja ya watu wa Wete, ikarudi mlangoni. Walisema binti yao hawezi kupewa fundi wa mafriji kutoka kisiwa kisicho hata gari. Talib aliyacheka maneno hayo mbele ya watu, na akayaamini peke yake. Sasa anampenda binti wa Mzee Hamood, ambaye babu yake alimiliki mikarafuu mpaka Pujini. Ashki ilimpa ujasiri akasema, "Nataka kuleta wazee wangu. Unasemaje?"

"Ngoja nimwambie baba kwanza," alijibu Widad. "Niachie miye."

Kwa Bi Rahila hiyo ndiyo ikawa kazi kubwa. "Usianze na Talib," alimwambia. "Anza na neno dogo: 'Baba, nina maneno.' Likitoka hilo, mengine yatalifuata. Unaogopa kutatokea nini?"

"Sauti itakatika."

"Basi utangoja mpaka irudi. Baba yako hendi popote."

Walikubaliana iwe Ijumaa. Alkhamisi, kabla ya adhuhuri, akaingia Ami Mundhir.

* * *

Ami Mundhir ni mdogo wake Mzee Hamood, mtu wa sauti kubwa na manukato mengi. Alikuja na kanzu iliyopigwa pasi na posa mdomoni: mwanawe Maher, anayefanya kazi Maskati, ametimiza umri, na kuna msichana gani bora kuliko binti ya ami yake? Wazee walizungumza ukumbini. Kisha Mzee Hamood, ambaye ni mtu wa haki na hakutaka kumlazimisha mwanawe, akaja mpaka mlango wa chumba cha Widad.

"Widad mwanangu. Ami yako kaleta posa ya Maher. Nakuuliza weye kwanza. Unasemaje?"

Kwetu msichana ambaye hajaolewa halazimishwi kutamka. Akikataa atasema, akiridhia atanyamaza, na haya zake zinatosha kuwa jibu. Ndivyo walivyoulizwa mama zetu na bibi zetu.

Widad alifungua mdomo. Moyo ulimwenda mbio, vidole vikafa ganzi, koo likaziba. Neno "hapana" alilijua, alilitaka, alilitafuta, na halikuwepo.

"Widad? Nakuuliza tena."

Kimya.

"Mara ya tatu, mwanangu."

Kimya. Nje ya mlango Mzee Hamood akashusha pumzi ya furaha. "Karidhi," alisema. Na Bi Saada, aliyekuwa kasimama nyuma yake, akapiga kigelegele kilichosikika mpaka barabarani.

Watu wa Chake kwa kupeleka habari hawajambo. Kabla ya magharibi Talib alikuwa keshapata habari zote, na jina la bwana harusi pia. Alipiga simu.

"Nasikia hongera."

"Talib, sikukubali. Nilinyamaza."

"Mtu hanyamazi kwa jambo kama hilo."

"Miye hunyamaza! Ndiyo maradhi yangu." Na kwa kuwa alidhani ukweli utamwokoa, akamwambia yote, tangu wakaguzi, tangu Bi Rahila na maswali yake, mpaka kazi anazopewa za kwenda kuzungumza na watu. Talib alisikiliza yote hayo na akasikia jambo moja tu.

"Kwa hivyo siku ile sokoni ulitumwa."

"Siku ile ndiyo, lakini..."

"Ningelikuwa sipo ungelimuuliza muuza ndizi."

"Siku ile tu, Talib! Kukupigia simu hakunituma mtu."

"Nitajuaje?" Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililouma. "Nilikuwa zoezi, Widad. Nami nilidhani mara hii nimechaguliwa."

Akanyamaza. Widad akaingoja ile sauti aliyoizoea, kisha akauliza yeye, kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Upo?"

Simu ilikuwa imekatwa. Kesho yake ilikuwa imezimwa, na kesho kutwa. Mwenye duka la juisi alisema Talib karudi kwao Makoongwe.

* * *

Nyumba ya Tibirinzi ikajaa watu. Mashangazi walikuja na vitambaa, majirani wakaja na rai zao, mmoja anataka pishori, mwengine anasema halua iagizwe mapema. Walimpima kanzu Widad, wakamgeuza huku na huku, wakamsifu kwa utulivu wake. "Mwari ndiye huyu," walisema, "hana maneno." Alikaa katikati yao na alikuwa mpweke kuliko siku zote za maisha yake. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyejua yuko wapi. Aliyekuwa akimuuliza kama yupo alikuwa amezima simu.

Alishona. Pazia la dirisha lilipanda na kushuka na upepo, harufu ya karafuu mbichi zilizoanikwa uani kwa jirani ikaingia, na yeye akashona tundu, akazifumua, akashona tena. Ile sauti ya kichwani ilikuwa imenona. Ilimwambia aende tu Maskati, kule hakuna amjuaye, atanyamaza mpaka afe na hakuna atakayeona tofauti.

Jumanne alilia mbele ya Bi Rahila mpaka mtandio ukarowa.

"Nambia nifanye nini."

"Sikwambii uolewe na nani, mwanangu, hiyo si kazi yangu. Kazi yangu ni kwamba uweze kusema ndiyo na uweze kusema hapana. Sasa hivi huwezi hata moja." Bi Rahila aliinuka, akavuta kanga yake. "Watakuuliza tena?"

"Ijumaa baada ya alasiri. Wanakuja kupanga siku ya nikaha. Baba atakuja mlangoni na mashahidi."

"Vizuri." Na mwanamke yule mzima, mwenye miwani na cheo, akatoka nje ya chumba chake mwenyewe, akafunga mlango, akabisha. "Widad mwanangu!" aliita kwa sauti nzito ya kiume. "Ami yako kaleta posa!" Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi la nje walitazamana.

Ndani, Widad hakuweza. Koo liliziba vilevile, kwa baba wa uongo kama kwa baba wa kweli. Bi Rahila akabisha tena. Na tena. Hakumpigia kelele wala hakumwonea huruma. "Si lazima useme vizuri," alisema kupitia tundu la ufunguo. "Sema vibaya. Sema kwa kutetemeka. Lakini nisikie."

Mwisho likatoka, dogo, limekwaruza: "Sitaki."

"Sikukusikia, mwanangu. Baba yako mtu mzima, masikio yake mazito."

"Sitaki!"

Kwenye benchi bibi mmoja akasema, "Basi mwacheni, hataki!"

Widad alicheka huku analia. Aliulizwa anaogopa kutatokea nini Ijumaa, akajibu kwamba baba yake atavunjika moyo na ami yake atagombana nao. Bi Rahila hakumwambia kwamba hayo hayatatokea. Alimwambia tu aje Jumanne amweleze yaliyotokea.

* * *

Ijumaa ukumbi ulinukia udi. Mzee Hamood alikuja mlangoni na mashahidi wake, Shehe Zubeir upande mmoja na Ami Mundhir upande wa pili. Ndani, Widad alikuwa kavaa gauni la hariri ya kijani alilovishwa na mashangazi, hina haijakauka sawasawa.

"Widad mwanangu. Nakuuliza mbele ya hawa. Umeridhia Maher?"

Moyo ukaanza. Vidole vikafa. Koo likaziba. Nje, Ami Mundhir alijikohoza kama mtu aliyekwishapata jibu lake.

"Baba," ilisema sauti ya ndani. Ilitetemeka vibaya sana. "Nina maneno."

Mashangazi wote waliacha kutafuna.

"Sema, mwanangu."

"Sitaki. Na siku ile pia sikutaka. Nisamehe, baba. Nilinyamaza."

Mzee Hamood alishika fremu ya mlango. "Nilidhani ni haya."

"Haikuwa haya. Ilikuwa hofu."

"Hofu ya nani? Yangu miye?"

"Ya kusema tu, baba. Ya kila mtu."

Ami Mundhir alikuja juu. "Upuuzi gani huno! Keshaulizwa mara tatu keshanyamaza! Umri wake wote huyu hunyamaza!"

"Ndiyo hivyo, Mundhir," alisema Mzee Hamood taratibu. "Umri wake wote hunyamaza. Leo kasema." Akamgeukia mwenzake. "Shehe Zubeir, umesikia?"

"Nimesikia," alijibu Shehe. "Hapana nikaha hapa."

Ami Mundhir aliondoka bila ya kunywa kahawa, na yale aliyoyaogopa Widad yalitokea karibu yote: mashangazi walinuna, majirani walipata la kuzungumza, na baba yake alikaa kimya siku ile na ya pili yake. Siku ya tatu alimwita uani. "Yuko mwengine?"

Widad alimtaja. Alimtaja na kazi yake na kisiwa chake.

Mzee alivua kofia yake, akaivaa tena. "Aje na wazee wake. N'tamsikiliza. Sijasema n'tamkubali."

"Simu yake imezimwa, baba."

"Basi hilo lako weye."

* * *

Bi Saada alifuatana naye mpaka Mkoani, akafika pwani, akaona kile kiboti cha mashine kinavyoyumba, akakaa juu ya jiwe. "Bahari siiwezi miye. Nenda, nakuona hapa." Na Widad, ambaye kwa miaka alikuwa hawezi kupokea mgeni, alisimama mbele ya wavuvi na wauza samaki na wachuuzi wa Mkoani akauliza kwa sauti ya kusikika, "Nani ananipeleka Makoongwe? Namtafuta Talib, fundi wa mafriji."

Walimgeukia wote. Mmoja akacheka. "Kakuharibia friji, bi?"

"Kaliacha katikati," alisema Widad, akapanda.

Alimkuta nyuma ya banda la barafu la wavuvi, kapiga magoti, kichwa kimo ndani ya friji. Sanduku lake lilikuwa wazi pembeni yake. Kofia ya maua ya mkarafuu ilikuwemo, imekunjwa ndani ya kitambaa safi, haina hata doa.

"Samahani, kaka. Shokishoki bei gani?"

Kichwa kikagonga mfuniko. Alitoka polepole, amekonda, na alimtazama kwanza yeye, kisha nyuma yake, kama anayetafuta kaja na nani.

"Umeolewa?"

"Niliulizwa tena. Nikasema sitaki."

"Ulisema?"

"Kwa kutetemeka. Lakini walinisikia."

Talib alifuta mikono yake kwenye shati, ikazidi kuchafuka. "Na hapa? Ni kazi ya wiki hino? Nani kakutuma?"

"Bi Rahila hajui kama nipo hapa. Mama yangu kakaa juu ya jiwe Mkoani, anaiogopa bahari. Leo sikutumwa, Talib." Sauti ilimkatika. Alisimama akaingoja mpaka ikarudi, na hakuona haya kuingoja. "Siku ya kwanza nilikuchagua kwa sababu sikuuona uso wako. Leo nimeuona. Baba anasema ulete wazee. Hajasema atakubali. Unasemaje?"

Talib aliinamisha kichwa. Midomo yake ilicheza, lakini hapakutoka kitu. Watoto walikuwa wameshakusanyika, na mwanamke mmoja mwenye ndoo kichwani alisimama asipitwe.

Widad aliijua hali ile. Aliijua kuliko mtu yeyote pale kisiwani. Alipiga magoti mbele yake mchangani na baibui lake zuri.

"Kwa mwanamume kunyamaza hakuhesabiki," alimwambia taratibu. "Upo?"

Talib aliinua uso.

"Nipo," alisema Talib, na sauti yake ilitetemeka vibaya sana. "Nakuja Ijumaa."